Garaje balichoma plastiki za RAV4 yangu, bakapakala vidanje (mafuta ya motere yenye ilishatumika), na dola 40 zangu banakataa kurudisha

Ndugu zangu ba Goma, na ba Bukavu pia juu najua muko hapa bengi, leo niko na hasira na sitaificha. Niko na RAV4 ya 1998, ile ya milango mitatu, yenye inakuwaka na plastiki nyeusi inazunguka gari yote chini, pareshoki mbili, juu ya mapinde ya magurudumu, mpaka ku retrovizeri. Baba mudogo aliniuzishia na njo gari inalisha nyumba yangu. Rangi yake nyekundu iko bado muzuri, motere inawaka mara moja, lakini ile plastiki iligeuka kijivu ya majivu kabisa, ukipitisha kidole unga mweupe unabakia ku kidole. Mvua ikinyesha inarudi nyeusi tii, unafurahi, kisha jua linatoka, robo saa haiishe, kijivu tena.

Nikaenda mu garaje moja, jina naacha. Patro wa pale akazunguka gari, akagonga pareshoki na funguo, akasema "Papa, iyi tunarudishaka kama mupya, itamaliza myaka tano, dola 40 tu." Nikamuuliza munatumiaka nini, akasema ni produi ya Dubai. Nililipa dola 40 yote mbele, njo kosa langu na nalikubali, lakini mutu mukubwa akikutazama mu macho na kukuambia myaka tano utafanya nini, utamuomba aape?

Saa kumi narudia gari inameremeta, nilimupigia ata bibi yangu simu. Ile siku tu ya kurudi, vumbi ya barabara ya Sake ikashikamana pale juu kama unga ku mandazi. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mistari myeusi ikashuka toka ku retrovizeri mpaka ku milango. Asubuhi binti yangu anapanda kwenda masomo, shati yake nyeupe ya inifomu ikagusa pembeni ya mulango, alama nyeusi ndefu kama mukono wangu, bibi yangu aliifula mara tatu na sabuni ya kipande haikutoka, sasa mutoto anavaa sweta juu hata kama kuko joto. Iyo peke yake inaniuma kupita dola 40.

Siku ya posho nikachukua maji ya moto, sabuni ya vyombo na brosi ya kufulia, nikafuta yote. Chini ya ile mafuta njo nikaona mambo. Ku kona ya pareshoki ya nyuma zile punje punje za plastiki zimeisha, pamekuwa laini na panang'aa kama mushumaa uliyeyuka, na ukitazama upande unaona mawimbi. Juu ya pinde la kushoto rangi nyekundu imefura, mapovu matatu kama maharagi. Kauchu za milango zimevimba zinanata. Balipitisha shalimo ya gazi, ile ya kutoa moto mukali wa kuchomea vyuma, kisha bakapakala mafuta ya vidanje! Kijana mumoja wa pale aliniambia kwa sauti ya chini, iko mu chupa ya jus nyuma ya kompreseri, banaitumia kwa kila gari. Njo produi ya Dubai iyo.

Sasa muniache nieleze kidogo juu batu bengi banadanganywa kwa kutojua. Fungua pareshoki yako uangalie ndani, yangu iko imeandikwa PP, maana yake polipropileni, na weusi wake unatokana na makaa laini sana yenye balichanganya tangu kiwanda. Jua linakata ile plastiki juu juu, linaifanyia nyufa ndogo zenye jicho haliwezi kuona, mwangaza ukipiga pale unatawanyika, njo maana unaona kijivu. Maji yakijaza zile nyufa inarudi nyeusi, mafuta vilevile, yakitoka umerudia palepale. Na siye huku Goma tuko karibu mita 1500 juu, ikweta iko pale tu, jua yetu haiko ya mchezo. Ongeza vumbi ya mawe ya Nyiragongo, tangu 2002 tunatembea juu ya lava, ile vumbi ni kali, ukifuta gari kavu na kitambaa unakwaruza tu.

Moto nao ndio hatari zaidi juu unadanganya muzuri. Ukipitisha moto mara ya kwanza kweli inageuka nyeusi mbele ya macho yako, juu ile ngozi ya juu inayeyuka inajifunga. Lakini jua litairudia, na kila mara unachoma unaifanya ngumu mpaka siku moja inapasuka. Na ile plastiki inayeyukaka karibu digrii 160, moto wa shalimo unapita digrii 1000, mutoto wa garaje akigeuka kumusalimia mutu, kona imeisha.

Nikarudi kwake na gari. Munajua alinijibu nini? "Papa, ulitaka nyeusi, tulikupatia nyeusi." Vile tu, na anaendelea kukaza buloni yake. Nikamuambia mimi sikununua nyeusi ya siku tatu, wewe ulisema myaka tano kwa kinywa chako, akasema plastiki ni ya zamani, gari ni ya zamani, ningemuambia mapema nitaiosha na sabuni. Gari isioshwe? Mu Goma? Batu balikuwa pale bakanyamaza bote, na bawili kati yao balikuwa banangojea hiyo kazi hiyohiyo.

Na bale banauzishaka magari pia, munisikie, banafanya hivi asubuhi ya siku mununuzi anakuja. Ukienda kuangalia gari yenye plastiki inang'aa sana, kamata kitambaa cheupe na sabuni kidogo, sugua pahali padogo. Kitambaa kikitoka cheusi chenye mafuta, uliza bei upya.

Kazi ya kweli inajulikana na haiko ya uchawi: unaosha muzuri na brosi, unaacha ikauke mpaka ndani, unapangusa na alkoli, kisha unaweka dawa yenye inakauka na kushika, haina mafuta. Ao unapiga rangi, lakini lazima primeri ya plastiki, ile ya kwanza ya kushikisha rangi, itangulie, juu polipropileni inakataa rangi, bila primeri itabanduka kama ganda la ndizi. Angeniambia sina primeri, ningeenda kuitafuta mimi mwenyewe.

Sasa ananiambia nirudishe gari siku ya posho ataongeza kushi ingine bure. Siirudishi! Nataka dola 40 zangu na bei ya pareshoki, na nitaenda pale kila asubuhi mbele ya kazi mpaka atoe. Na mwenye ameona pareshoki ya nyuma ya RAV4 98 mu Birere hapa Goma ao kule Bukavu aniandikie, ata ikiwa kijivu kabisa, mradi moto haujaipitia.