Mjadala: Nafasi ya tatu kwenye mchujo wa riadha iamuliwe na utepe wa kumalizia, si na jopo

Kila mchujo wa kitaifa wa kuchagua watatu wa kwenda Olimpiki au Mashindano ya Dunia ukiisha hapa Kenya, ugomvi unaozuka ni uleule. Wawili wa kwanza wanajijua wako kwenye timu, mradi wawe na muda wa kufuzu. Wa tatu anasubiri. Mwili bado una jasho la mbio, watu wanampongeza, na yeye hajui kama apokee pongezi hizo au la, kwa sababu jopo la uteuzi bado limeketi na nafasi yake ndiyo inayojadiliwa. Mfumo huu tumeuzoea kiasi kwamba wengi wetu tunauona kama sheria ya maumbile. Mimi naupinga.

Msimamo wangu ni huu, ili anayetaka kunijibu ajue anajibu nini. Kwa mbio zote za uwanjani, kuanzia mita 100 hadi 10,000, na kwa kuruka na kurusha pia, watatu wa kwanza waliofikia kiwango cha kufuzu waende wote. Jopo libaki na marathoni na mbio za kupokezana vijiti, basi.

Wanaotetea jopo wana hoja nzito na sitaki kuipunguza uzito. Wanamtaja Moses Kiptanui. Mwaka 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 1992 alishindwa kupenya kwenye mchujo wetu, akaikosa Olimpiki ya Barcelona. Michezo ile ilikuwa imemalizika kwa wiki moja tu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kule Cologne, dakika 7:28.96. Siku tatu baadaye, Zürich, akavunja na ya viunzi kwa 8:02.08. Wanauliza: taifa gani linamwacha mtu kama huyo nyumbani?

Ni swali la haki, ila wanaoliuliza hukomea hapo hapo. Wale watatu waliotumwa Barcelona badala yake walifanya nini? Matthew Birir alichukua dhahabu, Patrick Sang fedha, William Mutwol shaba. Medali zote tatu zikaja Kenya. (Sang ndiye huyu tunayemjua leo kama kocha wa Eliud Kipchoge.) Je, jopo lingemtoa nani kati ya hao ili Kiptanui aingie? Kila mtu aliyechukizwa na kuachwa kwa Kiptanui lazima ataje jina moja la kufuta, na hakuna jina lisilo na medali.

Marekani ilipitia jambo hilohilo mwaka 2016. Kendra Harrison alimaliza wa sita kwenye mchujo wao wa mita 100 kuruka viunzi, na kwao utepe ukishaamua umeamua. Julai, akiwa nje ya timu, alivunja rekodi ya dunia jijini London kwa sekunde 12.20. Agosti, kwenye Olimpiki ya Rio, watatu waliomshinda kwenye mchujo, Brianna Rollins, Nia Ali na Kristi Castlin, wakazoa dhahabu, fedha na shaba.

Kuna mfano unaoniumiza, na nautaja mwenyewe kabla sijatajiwa. Daniel Komen hakuwemo kwenye timu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Dhahabu ya mita 5,000 ilikwenda kwa Venuste Niyongabo wa Burundi, Paul Bitok wetu akapata fedha. Septemba mosi mwaka huohuo, mjini Rieti, Komen alikimbia mita 3,000 kwa 7:20.67, rekodi iliyodumu hadi Agosti 2024 ilipovunjwa na Jakob Ingebrigtsen. Huenda Komen angeleta dhahabu ile. Nakubali. Lakini rekodi ya Rieti ilikuja baada ya Atlanta. Jopo lingeketi kabla ya hayo yote, likiwa na karatasi za matokeo yaleyale tuliyokuwa nayo sisi sote.

Mbio za mchujo zinapima kitu ambacho mbio za Diamond League, ule mfululizo wa mashindano ya kimataifa, hazikipimi. Kule Ulaya kuna wawekaji kasi, kuna taa zinazokimbia pembeni mwa njia, na kila mmoja anajua mzunguko wa kwanza utapita kwa sekunde ngapi. Fainali ya Olimpiki haina lolote kati ya hayo. Ni watu wanaosukumana, kasi inayolala kisha inalipuka ghafla, na mtu anayepaswa kuamua mwenyewe atoke lini. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, mbele ya mashabiki waliojazana jukwaani, ukikimbia na wenzako wa Polisi, KDF (jeshi letu) na Magereza wanaokujua udhaifu wako wote. Kwa maoni yangu hakuna mtihani wa fainali ulio karibu na fainali kuliko huo. Anayemaliza wa tatu katika mita 800 za Kenya amewashinda watu ambao katika nchi nyingine wangekuwa mabingwa wa taifa. Juni 2024, hapo hapo Nyayo, Emmanuel Wanyonyi alishinda mchujo kwa 1:41.70. Wiki chache baadaye akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris kwa 1:41.19.

Najua kuna atakayesema: na Rudisha je? Mwaka 2016 mchujo ulifanyika Eldoret, na David Rudisha, bingwa wa Olimpiki na mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa tatu nyuma ya Alfred Kipketer na Ferguson Rotich. Akaenda Rio, akatetea taji kwa 1:42.15. Mfano huu hutumiwa kulitetea jopo, eti bila jopo wa tatu angeachwa. Sielewi hesabu hiyo. Kwa utaratibu ninaoupendekeza, Rudisha angekuwa kwenye timu mara tu alipovuka mstari, bila mtu yeyote kuketi chini kumjadili. Na kama angemaliza wa nne? Angebaki nyumbani, na ingetuuma sote. Yule wa tatu naye ana mama, ana kocha, ana miaka ya kuamka alfajiri. Maumivu yake hatuyaoni kwa sababu jina lake halijulikani.

Palipo na ugumu wa kweli ni kwenye majeraha. Usain Bolt aliumia msuli wa paja kwenye mchujo wa Jamaika mwaka 2016, akajitoa, akaombewa msamaha wa kiafya, akaenda Rio na kurudi na dhahabu tatu. Sipingi mlango huo uwepo. Ninachotaka ni masharti yake yachapishwe kabla ya msimu: daktari gani anathibitisha, ombi lipokewe mwisho lini, na mwanariadha aonyeshe wapi na lini kwamba amepona. Na sababu itolewe hadharani kwa maandishi, ili yule aliyeng'olewa kwenye nafasi ya tatu aisome. Kwa Mashindano ya Dunia tatizo ni dogo zaidi, maana bingwa mtetezi anaweza kuingia kwa tiketi ya pekee bila kula nafasi ya mtu kati ya zile tatu. Olimpiki haina tiketi hiyo.

Marathoni nimeiacha kwa jopo kwa sababu mwili hauruhusu vingine. Mkimbiaji wa kiwango cha juu hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, na ukimwambia moja iwe ya mchujo umemnyang'anya nusu ya riziki yake. Lakini kuachiwa uamuzi si kuachiwa giza. Mwaka 2012 Geoffrey Mutai, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Boston kwa 2:03:02 mwaka uliotangulia kisha akashinda New York, aliachwa nje ya timu ya Olimpiki ya London baada ya kujitoa Boston kwenye joto kali. Patrick Makau, aliyeshikilia rekodi ya dunia wakati huo, aliachwa pia. Abel Kirui na Wilson Kipsang waliotumwa walipata fedha na shaba nyuma ya Stephen Kiprotich wa Uganda, kwa hiyo siwezi kusema jopo lilikosea sana. Nalalamikia kitu kingine: mashabiki na wanariadha walibaki kukisia ni marathoni ipi iliyohesabiwa, na kwa uzito gani. Iandikwe mapema kwamba mbio fulani zina alama fulani, na tarehe ya mwisho ni fulani.

Sasa suala la uwanja, ambalo naona linapuuzwa. Mchujo wetu wa mita 10,000 kwa ajili ya Paris ulikimbiwa Eugene, Marekani, Mei 2024, ndani ya mashindano ya Prefontaine Classic. Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29, kwa 28:54.14, na nilifurahi kama Mkenya yeyote. Sababu ya kwenda huko inaeleweka. Muda wa kufuzu kwa wanaume ulikuwa 27:00.00, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi humkaba mkimbiaji wa mizunguko 25. Ethiopia nayo ilifanya hivyo Hengelo, Uholanzi, mwaka 2021, na Letesenbet Gidey akavunja rekodi ya dunia. Lakini kijana wa Kapsabet asiye na meneja wala viza hawezi kujitokeza tu Eugene. Orodha ya watakaokimbia inaandikwa kabla, na anayeiandika orodha ndiye jopo kwa jina jingine. Kama lazima mbio hizo ziende nje, basi tiketi za kwenda huko zishindaniwe hapa nyumbani kwanza, na shirikisho la riadha ligharamie safari ya wote watakaofuzu.

Halafu kuna vipimo. Kenya imo kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa zaidi ya dawa haramu, na mwanariadha wetu anatakiwa awe amepimwa angalau mara tatu nje ya mashindano ndani ya miezi kumi kabla ya Mashindano ya Dunia. Mwaka 2019 Michael Kibet na Daniel Simiu walimaliza wa kwanza na wa pili kwenye mchujo wa mita 5,000, kisha wakayakosa Mashindano ya Dunia ya Doha kwa kuwa vipimo vyao havikutimia. Hawakupatikana na dawa yoyote. Utepe waliukata, na bado wakabaki. Orodha ya waliotimiza vipimo ibandikwe kabla ya bunduki kulia, ili asiyestahiki asimzibie njia anayestahiki.

Kwa mkuki, nyundo na miruko nitasema kidogo tu: huko mara nyingi shida ni kufikia kiwango, si kugombania nafasi ya tatu, na mchujo peke yake hautaitibu.

Wadau, Mashindano ya Dunia ya Beijing 2027 na Olimpiki ya Los Angeles 2028 hayako mbali. Anayetaka jopo libaki na nafasi ya tatu naomba anijibu kwa mfano, si kwa hisia: ataje mwaka, ataje mbio, na aseme nani alimaliza wa tatu, nani alichukuliwa badala yake, na sababu gani iliandikwa siku hiyo ambayo wa tatu angeweza kuisoma.