Naomba ushauri: chimbuko la tofali la udongo, nianzie Misri au Yeriko?

Mwl_KidatoKwanza
Habari zenu wakuu. Nafundisha Historia, na wiki ijayo tunaingia kwenye makazi ya kwanza ya kudumu. Mwaka jana sehemu hii ilinishinda. Nilipouliza kwenye jaribio tofali lilianzia wapi, karibu nusu ya darasa waliandika lililetwa na wamisionari. Safari hii nataka wafyatue kwa mikono yao. Je, nianzie Misri kama nilivyozoea? Halafu nimejaribu nyumbani matofali sita, manne yamepasuka kabla ya siku ya tatu. Nakosea wapi?

Mchimba_Kale
Mwalimu, ukianzia Misri unadandia safari katikati. Anzia Yeriko, bonde la mto Yordani. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba pale kati ya 1952 na 1958, akakuta kuta za matofali mabichi yenye umri wa miaka 10,000 hivi. Hayakutolewa kwenye kalibu. Yalifinyangwa kwa mkono, mgongo umevimba kama bofulo, na nyumba zenyewe zilikuwa za mviringo. Baadaye nyumba zikawa za pembe nne, tofali nalo likarefuka, na fundi akawa anabonyeza dole gumba mgongoni mwake ili udongo wa kuungia upate pa kushika. Alama za vidole hivyo zipo hadi leo. Waonyeshe watoto picha yake kabla ya kitu kingine chochote.

Mwl_KidatoKwanza
Kumbe! Na kalibu ilikuja lini?

Mchimba_Kale
Tell es-Sawwan, kando ya mto Tigris huko Iraki, kuna matofali ya kalibu ya zaidi ya miaka 7,000. Yaani watu walifinyanga moja moja kwa miaka elfu kadhaa ndipo kalibu ikapatikana! Kwangu mimi, hapo ndipo penye somo lako. Tofali la mkono kila moja lina umbo lake, mwashi analazimika kulitafutia mahali. Ya kalibu yanalingana: unayahesabu kabla ya kujenga, mnagawana kazi, ukuta unanyooka. Bila hesabu hiyo sioni mfalme Ur-Nammu angeinuaje zigurati, yaani mnara wa hekalu wenye ngazi, ya mji wa Uru huko huko Iraki, yapata 2100 KK. Ndani ni matofali mabichi, ya kuchoma yamevishwa nje tu.

Mwashi_Mstaafu
Kwenye kupasuka nisikilize mimi. Udongo wako ni mfinyanzi mtupu. Ongeza mchanga, katakata nyasi kavu urefu wa kidole, changanya na maji, kanyaga, ulaze usiku mmoja au miwili. Ukishafyatua usianike juani moja kwa moja. Juu patasinyaa wakati ndani bado pabichi, na nyufa zinaanzia hapo. Yaache kivulini siku mbili tatu, kisha yasimamishe kwa ubavu. Kama kuna kichuguu karibu, udongo wake ni mzuri sana.

Dada_Msomaji
Nyasi hizo ndizo za Kutoka sura ya 5, Farao alipowanyima Waisraeli majani na idadi ya matofali ikabaki ileile. Na usiitupe Misri, mwalimu. Kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose III, wamechorwa watu wakichota maji, wakikanda udongo kwa jembe, wakifyatua kwa kalibu na kuyapanga yakauke. Mwanafunzi wako ataitambua kazi hiyo bila kuelezwa.

Mpenda_Nile
Ongeza Kerma, mji wa kale huko Sudan. Hekalu lake kubwa, Deffufa ya Magharibi, ni la matofali mabichi, lina zaidi ya miaka 3,500 na bado limesimama karibu mita 18. Hao wa wamisionari watakuwa wamepata jibu.

Mwl_KidatoKwanza
Asanteni sana, nimepata pa kushika. Kipindi cha kwanza ni mkono tu, kila mtoto abonyeze dole gumba lake. Cha pili naleta kalibu mbili, wahesabu wenyewe tofauti. Mwashi, huku nyasi ni shida, makapi ya mpunga yatafaa?

Mwashi_Mstaafu
Makapi ni mafupi mno, hayashikilii. Chukua majani ya mpunga yaliyobaki shambani baada ya kuvuna, na uyakate yakiwa yamekauka kabisa.