Fundi wa kila kitu mtaani, bei mnapangaje?

Fundi_Chikongola: Wakuu habari za saizi. Niko Mtwara mjini, Chikongola, koki inavuja naitwa, kitasa kimegoma naitwa, bati, bawaba, hata kitanda kikilegea chaga. Kazi zipo ila hela siioni, wengi majirani. Juzi nimeendesha baiskeli mpaka Ligula, koki ya jikoni inachuruzika, nafungua nakuta washa, kale kampira ka ndani, imekwisha, naweka mpya, dakika kumi nimemaliza, mama ananipa buku mbili eti "si kampira tu hako mwanangu". Na hako kampira nimenunua mimi! Nyie mnafanyaje bila kugombana na mtu mnayeswali naye msikiti mmoja?

KokiNaBati: Ulianza kazi kabla ya bei, ukishakaza koki huna tena cha kubishania. Mi nafungua, namuonyesha kilichokufa, namwambia kanunue mwenyewe au nitume nikuletee risiti, ufundi wangu ni kiasi hiki. Akiona ghali narudishia nilivyokuta, naaga. Na mambo ya wayaringi ya umeme kama huna leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, mwachie mwenye nayo, usije ukaunguza nyumba ya watu kwa elfu kumi.

MamaWapangaji: Mie nina nyumba Shangani, nyie bei sio tatizo, tatizo ni "kesho asubuhi mama". Kuna mmoja alichukua advansi ya kitasa kabla ya Ramadhani, mpaka leo mlango wa uani tunafunga kwa kamba. Atakayekuja siku aliyosema hata akizidisha elfu tatu nalipa.

Mtanda_Lindi: Kaka huku kusini fuata korosho. Minada ikianza Oktoba, watu wakishaanza kuingiziwa hela zao benki, usikae kibarazani kusubiri simu, pita uwakumbushe mvua zinakuja. Sisi wa karibu na bahari chumvi inakula misumari ya bati, kichwa kinamomonyoka tundu linatanuka, bati lenyewe zima ila ndani wanakinga ndoo. Hiyo kazi wakati wa jua ni rahisi, masika utapanda juu ya utelezi. Ikifika mwezi wa sita kila mtu atakwambia "nikivuna", hapo andika daftarini na umsainishe. Langu la 2023 bado lina majina, mmoja shemeji yangu, huyo nimesamehe kimoyomoyo maana ndoa naitaka.

Fundi_Chikongola: 😂😂 daftari nanunua. @MamaWapangaji njoo inbox unielekeze huo mlango, nakuja leo leo baada ya alasiri, sijasema kesho.

MamaWapangaji: Advansi sitoi lakini.