Mboni moja imebana baada ya dripu ya shingoni: ni neva ipi imeguswa?

Mfugo_Pongwe

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, huku Pongwe. Ng'ombe chotara wa uzao wa nne alianguka kwa homa ya maziwa (upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa), akawekewa chupa ya kalsiamu kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto. Dawa kiasi ilivuja nje ya mshipa na shingo ikavimba. Kesho yake jicho la kushoto mboni ikawa ndogo, kope la juu limeshuka na kope la tatu (ule utando wa kona ya ndani ya jicho) limechomoza kidogo. Jicho halina ukungu wala machozi, na mnyama anaona. Mwenye ng'ombe anataka apakwe mafuta ya antibiotiki. Naomba ufafanuzi: irisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) inapata neva zake kutoka wapi hadi sindano ya shingoni ibane mboni? Na nipime vipi bandani, bila vifaa vya hospitali?

Daktari_Ngamiani

Mkuu, mafuta yaweke pembeni kwanza.

Irisi ya mamalia ina misuli laini miwili. Wa kubana umezunguka ukingo wa mboni, na unaendeshwa na parasimpathetiki (neva za kujiendesha za wakati wa utulivu). Wa kutanua nyuzi zake zinatoka karibu na mboni kwenda kwenye shina la irisi, na unaendeshwa na simpathetiki (neva za kujiendesha za wakati wa hatari). Kwa hiyo mboni ndogo ina maana mbili: ama mbanaji anachochewa mno, ama mtanuaji amenyamaza. Watu wengi hukimbilia maana ya kwanza.

Njia ya kubana ni fupi. Inaanzia kiini cha Edinger-Westphal kwenye ubongo wa kati, inafuata neva ya tatu ya fuvu, inabadilisha neuroni (seli ya neva) kwenye ganglioni ya siliari, kinundu cha seli za neva nyuma ya jicho, kisha inaingia jichoni kwa neva fupi za siliari. Shingoni haifiki kabisa.

Njia ya kutanua ndiyo yenye safari. Inatoka haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo), inashuka ndani ya uti wa mgongo mpaka pingili za mwanzo za kifua (T1 hadi T3), inatoka nje, inapita mlango wa kifua na kupanda shingoni. Huko juu inakwenda ndani ya kifungu kimoja na neva ya vagasi (inayohudumia koo na tumbo), ubavuni mwa ateri ya karotidi, mpaka ganglioni ya juu ya shingo chini ya fuvu. Hapo neuroni ya mwisho inaanza, inaungana na tawi la oftalmiki la neva ya tano na kuingia kwenye irisi kwa neva ndefu za siliari. Mfaransa François Pourfour du Petit alishaeleza mwaka 1727 kwamba ukiikata neva hii shingoni mwa mbwa mboni inabana. Dalili hizi kwa pamoja, hata hivyo, zimebaki na jina la Mswisi Johann Friedrich Horner, aliyeandika kuhusu mgonjwa wake mwaka 1869. Simpathetiki hiyo hiyo inashikilia misuli laini ya kope na ya tundu la jicho, ndiyo maana kope limeshuka na kope la tatu limetokeza.

Sasa kupima. Subiri usiku, zima taa za banda, mwache dakika 5. Simama umbali wa urefu wa mkono, shika tochi hafifu usawa wa jicho lako, umulike katikati ya uso ili macho yote mawili yang'ae kwa pamoja. Mng'ao unaonyesha ukubwa wa mboni bila kumchokoza. Tofauti ikiwa kubwa gizani na ikapungua kwenye mwanga, mwenye kosa ni mtanuaji. Ikiwa kubwa kwenye mwanga, tazama upya ile mboni iliyo pana: huenda mbanaji wake ndiye asiyefanya kazi.

Kisha mulika kila jicho kwa mwanga mkali. Mboni ya kushoto lazima ibane zaidi, maana neva ya tatu iko salama. Kwa ng'ombe nyuzi nyingi za neva ya macho zinavuka upande wa pili, takriban 80 hadi 90 kwa mia, kwa hiyo jicho lisilomulikwa hubana kwa udhaifu. Usiandike hilo kuwa ugonjwa.

Mwisho gusa masikio na pua. Kwa ng'ombe upande ulioumia sikio huwa la moto zaidi, na nusu ya pua upande huo hukauka, haina yale matone ya jasho. Farasi ni kinyume: yeye hutoka jasho upande ulioumia.

Bi_Chumbageni

Nakubaliana na Daktari, ila kabla ya kufunga kesi ondoa maumivu ya jicho. Neva ya tano inaleta hisia za konea (kioo cha mbele cha jicho) na irisi. Konea ikichubuka, au ng'ombe akiwa na ule ugonjwa wa macho mekundu wa bakteria, neva hiyo yenyewe inaamsha kubana kwa mboni. Kope nalo hufumba, hivyo kwa mbali unaona picha ile ile. Tofauti iko kwenye dalili nyingine: jicho lenye maumivu linatoa machozi, linakwepa mwanga, na ng'ombe analikaza kope kwa nguvu. Kope la Horner limelegea tu. Ukilinyanyua kwa kidole halipigani nawe. Tia tone la rangi ya fluoresini, suuza kwa maji ya dripu, mulika kwa taa ya bluu. Kidonda cha konea kitang'aa kijani.

Na kama mboni ZOTE mbili zimebana, na anatoka udende na kuhara, ulizia josho. Dawa za kupe za jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini (kemikali ambayo neva huitumia kuamuru msuli ubane), mbanaji anabaki amebana. Hapo mnasaka atropini (dawa ya kupinga sumu hiyo), si kukaa kupima mboni gizani.

Mfugo_Pongwe

Shukrani sana. Gizani tofauti ni kubwa, mchana karibu haionekani. Konea haikushika rangi. Sikio la kushoto la moto, pua nusu kavu. Je, nikipata matone ya fenilefrini (dawa ya kutanua mboni) nitajua ni sehemu gani ya njia imeumia? Na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanataka kuziona neva hizi kwa macho.

Daktari_Ngamiani

Unaweza, lakini si leo. Jaribio linategemea msuli uliokosa neva kuwa mwepesi wa kuitikia dawa, na wepesi huo hujengeka kwa siku kadhaa. Ukitia mapema utapata jibu la uongo. Baada ya wiki mbili hivi, vuta 0.1 ml ya fenilefrini ya 10% kwa sindano ya insulini, ongeza 0.9 ml ya maji ya chumvi ya 0.9%, upate 1%. Tia kiasi sawa macho yote mawili na uangalie saa. Kwa mbwa, mboni ikitanuka ndani ya dakika 20 jeraha liko baada ya ganglioni ya juu ya shingo. Dakika 20 hadi 45, kabla yake. Dakika hizo ni za mbwa. Kwa ng'ombe tegemea kulinganisha jicho na jicho. Kwa kesi yako uvimbe umeshasema ni wapi, jaribio halitabadilisha tiba.

Kilicho muhimu zaidi ni vagasi, kwa sababu iko kifungu kimoja. Sikiliza kama anakoroma anapovuta pumzi na angalia kama tumbo linajaa gesi. Akihitaji kalsiamu tena, usimchome shingo ya kulia: kifungu cha pili nacho kikiumia, koo lake linaweza kupooza pande zote. Mpe chini ya ngozi, 50 hadi 75 ml kila sehemu, chupa isiyo na glukosi, maana ya glukosi huleta majipu. Ile ya kushoto kanda kwa maji ya uvuguvugu. Neva iliyobanwa na uvimbe tu hurudi kwa wiki au miezi.

Kisu_cha_Maabara

Kwa wanafunzi: kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni, siku hiyo hiyo. Mbuzi ana pete kamili ya mfupa kuzunguka jicho, kwa hiyo kata ukuta wa nje kwa msumeno mdogo. Ukitumia patasi, mfupa unapasuka na kukata neva. Fungua ala ya tundu la jicho, kata msuli wa nje wa jicho karibu na tufe la jicho na uurudishe nyuma. Fuata neva ya tatu inapotoka kwenye tundu la obitorotundumu (tundu la mfupa nyuma ya jicho), shika tawi la chini linaloelekea msuli wa mshazari wa chini. Ganglioni ya siliari imekaa hapo, ubavuni mwa neva ya macho, ni kijinundu cha milimita chache. Wanafunzi huikata wakidhani ni mafuta, kwa hiyo kabla ya kusafisha dondosha asidi ya asetiki ya 1%: neva zinageuka nyeupe, mafuta yanabaki yalivyo.

Mkipata na kichwa cha paka, linganisheni. Paka ana neva fupi mbili tu, moja kwa kila nusu ya irisi. Ikifa moja, mboni inakuwa na umbo la herufi D.

Kuhifadhi, fomalini ya dukani sehemu 1 kwa maji 9. Madirisha wazi, glavu mikononi.