Msaada: modeli ya madaraja ya karafuu ina usahihi wa 89% lakini mwalimu kaikataa

Mwanafunzi_Wete
Assalaam aleikum wenzangu. Nimekwama kwenye kazi ya nyumbani ya uainishaji. Data ni ya karafuu: sampuli 1,200 kutoka magunia 300, kila gunia limechotwa mara 4. Vipimo ni unyevu, uzito wa punje 100, asilimia ya makonyo, na wastani wa rangi R, G na B kutoka picha ya simu. Kinachotakiwa ni daraja: la 1 (sampuli 1,048), la 2 (112), la 3 (40). Natumia KNeighborsClassifier (kNN: sampuli hupewa daraja la majirani zake wanaofanana nayo zaidi), k = 5, nimegawa asilimia 80 ya mafunzo kwa 20 ya majaribio. Usahihi 88.8%. Mwalimu kaandika tu, "Haijajifunza kitu." Matokeo ya majaribio ni haya, mlalo ni daraja halisi, wima ni jibu la modeli:

la 1: 206, 3, 1
la 2: 15, 7, 0
la 3: 7, 1, 0

Sitaki nifanyiwe, nataka nijue nilipokosea.

Fundi_wa_Namba
Waaleikum salaam. Umefanya vyema kuweka jedwali, maana jibu limo humo humo. Chukua modeli isiyotazama kipimo chochote, kila sampuli inaiita daraja la 1. Itapatia 210 kati ya 240, yaani 87.5%. Yako imepatia 213. Kazi yote hiyo imekuongezea sampuli 3! Mwalimu yuko sahihi. Weka DummyClassifier, ndiyo modeli hiyo isiyotazama kipimo, kwenye ripoti ili tofauti hiyo ionekane.

Sasa tazama daraja moja moja. La 2 umekamata 7 kati ya 22, la 3 hukukamata hata moja kati ya 8, na 7 kati ya hizo zimepita kama daraja la 1. Mnunuzi angezilipia bei ya juu. Kwa hiyo ripoti F1, alama ya 0 hadi 1 ya kila daraja: zilizopatiwa mara mbili, gawa kwa jumla ya mlalo na wima wa daraja hilo. La 1 ni 412/438 = 0.94, la 2 ni 14/33 = 0.42, la 3 ni 0. Wastani wake 0.45. Kwenye programu ni f1_score yenye average="macro".

Makonyo
Kuna makosa mawili ambayo jedwali haliwezi kuyaonesha.

Kubwa ni magunia. Sampuli 4 za gunia moja zinafanana kama pacha. Ukizichanganya ovyo, tatu zinaangukia kwenye mafunzo na moja kwenye majaribio, na kNN kazi yake ni kutafuta jirani wa karibu, basi inawakuta ndugu zake. Inalikumbuka gunia, haitambui daraja. Hata hiyo 0.45 basi imepambwa. Gawa kwa gunia: StratifiedGroupKFold (huweka gunia zima fungu moja na kujaribu kulinda uwiano wa madaraja), n_splits=5, yaani mafungu 5, na safu ya namba ya gunia iwe groups. Unahitaji scikit-learn (maktaba ya Python yenye zana hizi) 1.0 au zaidi. Usizidishe mafungu: daraja la 3 lina magunia 10 tu, kwa 5 unapata mawili kila fungu, kwa 10 utabaki na moja. Na namba ya gunia isiingie kwenye vipimo.

La pili ni mizani. kNN hupima umbali. Rangi inakwenda 0 hadi 255, unyevu unatofautiana kwa asilimia chache tu, kwa hiyo tofauti ya 30 kwenye R inaumeza unyevu wote. Tumia StandardScaler, inayosawazisha vipimo viwe na mizani moja, lakini ndani ya Pipeline, inayounganisha hatua zote ili usawazishaji ujifunze kwenye mafunzo tu. Ukisawazisha kabla ya kugawa, wastani wa majaribio umeshavujia kwenye mafunzo.

Tena angalia kama faili lina safu ya bei. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, hununua karafuu kwa daraja, kwa hiyo bei ya kilo ni jibu lenyewe. Ifute.

Mwanafunzi_Wete
Shukran sana. Bei nilishaitoa. Nimegawa kwa gunia na kusawazisha, F1 imeshuka hadi 0.39. Nikaweka class_weight="balanced" ili madaraja madogo yapewe uzito zaidi, ikanipa TypeError.

Fundi_wa_Namba
0.39 ndiyo hali halisi, anzia hapo. Kosa linatokea kwa sababu KNeighborsClassifier haina class_weight kabisa. Hamia LogisticRegression (max_iter=1000), kisha RandomForestClassifier yenye miti ya maamuzi 300, zote mbili zina class_weight; hii ya pili haihitaji kusawazishwa vipimo. "Balanced" hugawa jumla kwa idadi ya madaraja mara sampuli za daraja: la 3 ni 1200/(3×40) = 10, la 2 ni 3.57, la 1 ni 0.38. Kukosea sampuli ya la 3 kunauma kama mara 26 ya kukosea ya la 1.

Usahihi unaweza kushuka chini ya 87%. Usirudi nyuma kwa hilo, tazama F1 na mlalo wa la 3.

Makonyo
Ukifikiria kuongeza sampuli za kutengenezwa kwa SMOTE (njia ya kubuni sampuli mpya za daraja dogo kati ya zilizopo), ziongezwe ndani ya fungu la mafunzo tu, vinginevyo unarudi kwenye uvujaji uleule.

Na rangi zako zinanitia shaka. Picha ya jua la mchana na ya kivulini zinatoa R tofauti kwa karafuu ileile. Jaribu R/(R+G+B), na G vilevile, badala ya namba ghafi. Mwangaza unapungua nguvu, wekundu unabaki. Kisha fungua picha za zile 15 za la 2 zilizoitwa la 1, uone zinafanana wapi. Ukimaliza weka jedwali jipya hapa, la mafungu yote 5 kwa pamoja.