Fulana ya utani kwa nembo ya bia: wanasheria naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nachapa fulana hapa Kariakoo. Juzi kati nilitoa moja yenye nembo ya bia maarufu: rangi zilezile, mwandiko uleule, ila jina nimeligeuza kuwa "Kodi ya Nyumba" na chini yake "Inalewesha Kila Mwezi". Zikatoka kama njugu. Sasa nimeletewa barua ya wakili, eti nimevunja Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Niache kuuza na nisalimishe zilizobaki.

Kuna kesi ya Afrika Kusini, Laugh It Off (wauza fulana za utani) dhidi ya SAB (kampuni ya bia). Jamaa wa fulana waligeuza nembo ya bia ya Carling Black Label ikawa "Black Labour, White Guilt". Mahakama ya Rufaa ya huko iliwakandamiza, lakini 2005 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi: kampuni haikuthibitisha kwamba utani ule ungeitia hasara kibiashara. Hoja tamu, ila mahakama zetu hazifungwi nayo.

Je, hukumu hiyo inaweza kunibeba huku kwetu? Nijibu mwenyewe au nitafute wakili kwanza? Muda walionipa unaisha Ijumaa, na mzigo bado umejaa dukani.