Redio za mtandaoni zinatufungia huku kisa mirabaha (malipo ya wenye nyimbo) ya Marekani, hivi msikilizaji kakosa nini?

Wakuu habari za jioni, leo nimekuja na hasira zangu mnivumilie tu.

Mimi ni kinyozi hapa Mbeya, maeneo ya Kabwe. Redio ninayoweka kibandani ni ya mtandaoni, iko Marekani huko, inapiga rumba la zamani na soul za miaka ya sabini kutwa nzima na mtangazaji hapayuki. Wateja wameizoea, kuna mzee mmoja mstaafu wa TAZARA anakuja kunyoa kila wiki na wakati nywele zenyewe hana, yeye anafuata magitaa tu na mimi namwacha akae. Na kabla hamjaniuliza, kibali cha kupiga muziki kibandani ninacho, kimebandikwa ukutani pale juu ya kioo.

Sasa juzi nafungua asubuhi, baridi la kufa mtu, nabonyeza plei naletewa maandishi eti huduma hii haipatikani katika nchi yako kwa sababu za leseni. Bando lipo, 4G imejaa, ila hola. Nikawaandikia imeili, wakajibu kiungwana kabisa (hapo niwape haki yao) kwamba leseni yao ya nyimbo inaishia mipaka ya Marekani, wakitaka kurusha nje inabidi wakubaliane na wenye haki wa kila nchi na hela hiyo hawana, kwa hiyo wasikilizaji wa nje wote wametukata. Mzee namwambia ananiangalia tu, "Kwani tumewaibia nini hao?"

Ndo nikaanza kufuatilia huu mchezo ukoje na ndo nilipopandwa zaidi. Kule redio ya mtandaoni inalipa hela ya rekodi, yani ya mwimbaji na mwenye rekodi, kwa kila wimbo kwa kila kichwa kinachosikiliza. Mwaka 2021 bei iliyopangwa na ile bodi yao ya mirabaha ilikuwa dola 0.0021 kwa redio ya bure. Mtu anaona ni kitu kidogo, haya pigeni hesabu, wasikilizaji 100 tu, nyimbo 15 kwa saa, ni dola 3.15 kwa saa, masaa 24 siku 30 unakuta dola 2,268 kwa mwezi, za kwetu hizo zaidi ya milioni tano, na hapo watunzi bado wana fungu lao pembeni, seva bado, umeme bado. Yani ukipendwa ndo unaumia. Msikilizaji wa Mbeya hata tangazo la duka la Chicago halimhusu, sasa mwenye redio amlipie wa nini, si anamkata!

Kinachoudhi zaidi redio za FM za hukohuko Marekani zinapiga wimbo uleule na mwimbaji halipwi hata senti, zinamlipa mtunzi tu. Wimbo mmoja, nchi moja, wa kwenye mnara anasamehewa wa kwenye intaneti anakamuliwa.

Na sio jambo la leo. Machi 2007 bodi ilitangaza bei zitapanda kutoka dola 0.0008 mpaka 0.0019 ifikapo 2010, halafu eti zinaanza kuhesabiwa kuanzia Januari 2006, deni la nyuma hilo! Tarehe 26 Juni 2007 redio kibao za mtandaoni zikazima muziki siku nzima kugoma. Mwaka huohuo Pandora, redio kubwa ya mtandaoni ya hukohuko, ikafungia wasikilizaji karibu wote wa nje ya Marekani, 2012 ikajaribu Australia na New Zealand, 2017 ikafunga virago. Nafuu ya bei waliyokuwa wamepewa wenye redio ndogo za mtandaoni ikaisha mwishoni mwa 2015, Januari 2016 Live365 iliyokuwa imebeba maelfu ya vistesheni vya watu binafsi ikazimika, ilikuja kurudi 2017 kwa mmiliki mwingine.

Msinielewe vibaya wakuu, sijasema msanii asilipwe. Kwenye hiyo hela ya rekodi mwimbaji mkuu anapata asilimia 45, ni haki yake na ale. Swali langu ni moja, tangu wanifungie huyo mwimbaji anapata shilingi ngapi kutoka kwangu? Sifuri. Tena mbaya zaidi, sasa hivi itabidi nirudi kwa wale vijana wa Mwanjelwa wenye kompyuta, unawapa flashi wanakujazia nyimbo mpaka inatapika kwa buku mbili tatu, na hapo hakuna mtunzi wala mwimbaji wala bodi anayeambulia kitu. Hiyo ndo kulinda hakimiliki?

Mtu asije na habari za VPN hapa, ile programu ya kuficha uko nchi gani. Kwanza inakula bando na kukatakata, pili TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walishatoa tangazo kila mwenye VPN ajisajili mwisho 30 Oktoba 2023, mimi kinyozi nikajieleze kwa nani kwamba natafuta rumba?

Mwenye kujua stesheni ya mziki wa zamani ambayo bado inafunguka huku bila kuzungushwa aweke hapa, iwe ya Afrika iwe ya Ulaya mimi sijali. Za Injili saa zote na za mpira ninazo tayari. Jumamosi mzee atakuja na sina cha kumwekea.